Shilingi Moja Langoni: Somo juu ya Changizo na Bustani

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya changizo. Jambo hili si geni kwetu. Karibu kila usharika umelizoea. Paa la shule lavuja, au chemchemi ya kijiji yakauka kwa kuwa miti ya juu yake imekatwa, au yuko mgonjwa asiye na mtu wa kumwuguza. Ndipo siku hutangazwa, watu hukusanyika wakileta ndizi na kuku na mayai, na mnada hufanyika. Jioni fedha huhesabiwa, na kila mtu hurudi kwake kwa furaha.

Lakini ni mara chache tuulizapo: Mbona changizo moja hudumu miaka mingi na kuzaa matunda, na nyingine hufa kabla ya kutimiza mwaka wa pili? Watu ni wale wale, na uhitaji ni ule ule. Basi tofauti ni nini?

Ili tupate jibu tumechagua habari ya mbali, ya nchi ya Uingereza, ambako watu hufungua bustani zao kwa ajili ya wagonjwa. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1927, nayo ingaliko hata leo. Tutaieleza kwa taratibu, kisha tutairudisha kwetu, tuone yatupasayo.

1. Mgonjwa aliye nyumbani

Mwanzo wa habari hii si bustani, bali ni kitanda cha mgonjwa. Mwaka wa 1859, katika mji wa Liverpool, palikuwa na mfanya biashara tajiri jina lake William Rathbone. Mkewe aliugua ugonjwa wa kufa, naye akamwajiri muuguzi, Mary Robinson, amtunze nyumbani. Mkewe alipokwisha kufariki, Rathbone alifikiri moyoni mwake: Mimi nina mali na nyumba nzuri, na hata hivyo ugonjwa huu ulitulemea, basi maskini wa mji huu, wanaougua katika vyumba vya giza bila mtu wa kuwapa maji, hali yao ikoje? Akamwomba Mary Robinson aende akawauguze maskini majumbani mwao kwa muda wa miezi mitatu, na mshahara wake atalipa yeye.

Muuguzi yule akaenda. Lakini baada ya mwezi mmoja alirudi akiomba aachiliwe, kwa maana taabu alizoziona zilimshinda. Rathbone akamtia moyo, akamsihi amalize muda wake. Akarudi kazini. Na miezi mitatu ilipokwisha alikuwa ameona jinsi wagonjwa walivyopona na nyumba zilivyotengenezeka, wala hakutaka tena kuiacha kazi ile.

Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Mwezi wa kwanza wa kazi njema mara nyingi huonyesha ukubwa wa taabu tu, na matunda hayajaonekana bado. Atakayeipima kazi kwa mwezi huo ataiacha.

Rathbone hakukomea hapo. Alimwandikia Florence Nightingale, aliyekuwa mashuhuri kwa kazi ya uuguzi, naye akashauri kwamba wauguzi wafundishwe huko huko Liverpool. Shule ikajengwa, mji ukagawanywa mitaa 18, na kila mtaa ukapewa muuguzi wake. Mwaka wa 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya kutawala, wanawake wa nchi walichanga fedha kumpa zawadi. Katika fedha hizo pauni 70,000 zilitumika kuanzisha chama cha wauguzi wa majumbani kwa nchi nzima.

Wauguzi hao walikwenda kwa miguu na kwa baiskeli, mashambani na mijini, wakifunga vidonda, wakiwazalisha wanawake, wakiwaosha wazee. Nao walihitaji mshahara, na dawa, na mahali pa kulala. Siku zile Serikali haikuwalipa. Fedha zilitoka katika changizo: matajiri walitoa pauni, na mahali pengi maskini nao walitoa peni zao kila juma, ili siku ya kuugua mlango wao usipitwe.

2. Shauri la Elsie Wagg

Malkia Alexandra, mjane wa Mfalme Edward wa Saba, alikuwa mlezi wa chama hicho. Alifariki mwezi wa Novemba, mwaka wa 1925. Watu wakataka kufanya jambo la kumkumbuka, wakaona kwamba ukumbusho ulio bora ni kuwasaidia wauguzi: kuwafundisha walio wapya, na kuwatunza wale waliozeeka katika kazi. Lakini fedha zitoke wapi? Watu walikuwa wamekwisha kuombwa mara nyingi.

Ndipo mwanamke mmoja wa baraza la chama, Elsie Wagg, akatoa shauri. Aliona kwamba nchi ile imejaa bustani nzuri, na walakini waliopata kuziona ni wenyewe na rafiki zao tu. Basi akasema wenye bustani waombwe wafungue malango yao siku moja, na kila apendaye kuingia atoe shilingi moja.

Tafadhali tulitazame vizuri shauri hili, maana hekima yake imejificha. Mwenye bustani hakuombwa fedha. Aliombwa kitu alichokwisha kuwa nacho, alichokipenda, na ambacho hakimpungukii akikishiriki na wengine. Ua lililotazamwa na watu mia halipotezi uzuri wake. Na mgeni naye hakuombwa sadaka ya bure. Alipewa furaha ya kuona, na shilingi yake ikawa shukrani. Hivyo pande zote mbili zilitoa, na pande zote mbili zilipata. Na mgonjwa, ambaye hakuwapo pale, alipata kuliko wote.

Mwaka wa 1927 bustani 609 zilifunguliwa. Hata bustani ya Mfalme huko Sandringham ilikuwa miongoni mwao. Fedha zilizopatikana zilikuwa pauni 8,191.

Na tufanye hesabu kidogo. Siku zile pauni moja ilikuwa shilingi 20. Basi pauni 8,191 ni shilingi 163,820. Kama kila mtu alitoa shilingi yake moja tu, walioingia malangoni walikuwa zaidi ya watu 160,000. Tena tukizigawanya fedha hizo kwa bustani 609, kila bustani yapata pauni 13 na kidogo, ndiyo kusema watu kama 270 kwa kila bustani. Hesabu hii yatufundisha kwamba kazi ile haikubebwa na tajiri mmoja mwenye mfuko mzito. Ilibebwa na umati wa watu, kila mmoja na kitu kidogo, na wenye malango 609 waliokubali kuwapokea.

3. Jinsi siku ya bustani ifanywavyo

Siku ya kufungua ina kazi nyingi kuliko mtu adhaniavyo. Mwenye bustani huanza miezi mingi mbele: hukata matawi makavu, hung'oa magugu, hupanda mbegu kwa hesabu ili maua yachanue karibu na siku ile. Tena hana hakika ya mvua. Aweza kufanya kazi mwaka mzima, na siku yake ikanyesha toka asubuhi hata jioni.

Karibu nao wako wasaidizi wasiolipwa. Kila wilaya ina watu wake, ambao huzitembelea bustani kabla ya kuzikubali, huandika tarehe, hubandika matangazo, hukaa langoni na sanduku la fedha. Bustani zote huandikwa katika kitabu kinachotolewa kila mwaka, ambacho jalada lake ni la rangi ya manjano. Hata watu hukiita Kitabu cha Manjano. Ndani yake msomaji hupata mahali, siku, kiingilio, na kama pana chai.

Naam, chai. Jambo hili laonekana dogo, bali lina nguvu. Majirani huoka keki nyumbani mwao, huteleka maji, huweka meza chini ya mti. Mgeni aliyekwisha kuzunguka bustani huketi, hunywa kikombe, huzungumza na mtu asiyemjua. Mahali pengine miche nayo huuzwa: ua lile lile alilolistaajabia mgeni, mche wake umo chunguni karibu na lango. Huenda nalo, hulipanda kwake, na baada ya miaka kadha huenda yeye mwenyewe akafungua bustani yake.

Wala bustani hizi si za wakuu peke yao. Leo, pamoja na majumba makubwa, ziko bustani ndogo za nyuma ya nyumba, na viwanja vya mboga vya watu wa mjini. Pengine mtu mmoja ana bustani ndogo isiyoweza kumleta mgeni kutoka mbali. Basi majirani wa mtaa mmoja hufungua zote kwa siku moja, na kiingilio kimoja huwatosha wageni kuziona zote. Kilicho kidogo kwa mmoja huwa kikubwa kwa wengi.

4. Mwaka wa jaribu

Sasa twafika mahali penye somo kubwa. Tarehe 5 Julai, mwaka wa 1948, Serikali ya Uingereza ilianzisha matibabu ya taifa zima. Tangu siku ile muuguzi wa majumbani alilipwa kwa kodi ya nchi, na mgonjwa hakudaiwa kitu. Lile lililokuwa likitafutwa kwa shilingi langoni sasa lilikuwa haki ya kila mtu.

Wenye bustani wangeweza kusema: Kazi yetu imekwisha, tufunge malango. Na kwa kweli kufunga kungekuwa na heshima yake. Changizo halikusudiwi liwe badala ya haki ya watu, na Serikali inapotimiza wajibu wake imetupasa kufurahi, wala tusione uchungu kana kwamba tumenyang'anywa kitu.

Lakini wao waliuliza kwanza: Je, wako waliosahauliwa? Wakaona wako. Walikuwako wauguzi wazee, waliozitumia nguvu zao zote kabla ya mwaka ule, ambao bado walihitaji msaada. Tena lilikuwako jambo la mafundisho ya wauguzi. Basi fedha zikaendelea kwenda huko.

Kisha wakatazama bustani zenyewe. Baada ya vita vya miaka ya 1939 hata 1945, nyumba nyingi kubwa zilikuwa katika hali mbaya. Watunza bustani walikuwa wamepungua, kodi zilikuwa nzito, na bustani zilizotunzwa kwa vizazi zilianza kurudi kuwa pori. Chama cha kuhifadhi mahali pa kale na pazuri, kiitwacho National Trust, kilianza wakati huo huo kupokea bustani kwa ajili ya thamani yao wenyewe. Ya kwanza ilikuwa Hidcote, iliyotengenezwa na Lawrence Johnston, nayo ilipokewa mwaka wa 1948. Basi wakapatana: chama hicho kitafungua bustani zake kwa ajili ya wauguzi, na sehemu ya fedha itakwenda kuzitunza bustani zilizo katika hatari. Hivyo bustani iliyokuwa ikimsaidia mgonjwa ikasaidiwa nayo.

Kazi ikaendelea kukua. Mwaka wa 1980 ilifanywa kuwa chama chenye kusimama peke yake. Katika miaka iliyofuata wengine waliongezwa katika hesabu ya wanaosaidiwa: wauguzi wa watu wenye saratani, nyumba za kuwatunza walio karibu kufa, na watu wanaowatunza jamaa zao wagonjwa bila ujira. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga malango yote, wenye bustani waliwaonyesha watu bustani zao kwa picha za intaneti, na watu wakaendelea kutoa. Leo bustani zinazofunguliwa ni zaidi ya 3,000, na fedha zilizotolewa tangu mwanzo zimepita pauni milioni 70.

5. Turudi kwetu

Msomaji mmoja aweza kusema: Hayo ni ya nchi ya watu wenye nafasi, sisi bustani zetu ni migomba na kahawa na mahindi. Twamjibu kwamba mnada wa mavuno ni ndugu wa lango lile. Mtu huleta alichokilima. Mwingine hununua jogoo kwa bei ipitayo ya sokoni, kisha humrudisha anadiwe tena, na jogoo mmoja hununuliwa mara tatu kabla ya kufika chunguni. Watu hucheka, hushindana kwa upendo, na fedha huongezeka. Hapa napo furaha na msaada vimefungwa kamba moja.

Lakini tuseme kweli, iko mitego. Sisi tuandikao tulipata kuwa katika kamati ya changizo moja, miaka mingi iliyopita; mahali pake hatutapataja. Fedha zilitafutwa ili tupande miti juu ya chemchemi. Watu walitoa kwa moyo. Walakini tulichelewa kununua miche. Tulipoipanda mvua zilikuwa zakatika, na iliyobaki hai haikufika robo. Hakuna aliyeiba hata senti. Lakini tuliona haya, tukanyamaza. Hatukusoma hesabu mbele ya watu, tukidhani kimya kitafunika aibu yetu.

Kimya hakikufunika kitu. Watu walisema fedha zimeliwa. Mwaka wa pili tulipoita mnada, mkungu mzuri wa ndizi ulinadiwa, na hakuna aliyefungua kinywa. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akasimama, akasema: "Wanangu, miti yetu iko wapi?" Hakusema kwa hasira. Tukainamisha vichwa. Kisha mweka hazina akaenda akaleta daftari, akasoma yote: fedha zilizopatikana, bei ya miche, iliyokufa, iliyo hai, na senti zilizosalia sandukuni. Tukakiri kwamba tulichelewa. Bibi yule aliketi bila neno. Mkungu haukununuliwa siku ile. Lakini mvua za mwaka ule zilipoanza, tulipokwenda chemchemini na miche iliyonunuliwa kwa senti zile, tulimkuta amekwisha kufika, na jembe lake begani.

Tangu siku ile twajua kwamba hasara iliyosemwa husameheka upesi kuliko hasara iliyofichwa.

Mtego wa pili ni fahari. Jirani zetu wa Kenya waliona jambo hili katika harambee. Kwa harambee walijenga shule na zahanati nyingi, na sifa yao ni ya haki. Lakini baadaye wakubwa walianza kuitumia kutafuta ukuu, na wadogo kushurutishwa kutoa. Hata mwaka wa 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliwakataza watumishi hao kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Mahali jina la mtoaji litangazwapo kwa sauti kuliko uhitaji wenyewe, mwenye kidogo huona haya kuja. Shilingi moja ya lango la Uingereza ilikuwa na faida hii pia: kila aingiaye alilipa sawa, na hakuna aliyeaibishwa.

Mtego wa tatu ni kuhesabu mwanzo badala ya mwisho. Ni rahisi kusema, Tumepanda miche elfu. Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini mwaka wa 1977, naye akapewa tuzo ya Nobeli ya amani mwaka wa 2004, aliujua mtego huu. Wanawake walipewa ujira mdogo kwa kila mche ulioshika na kukua. Mche uliokufa haukuhesabiwa. Kama kamati yetu ingalitumia kipimo hicho, tungaliuangalia mvua mapema.

6. Yatupasayo kushika

Basi tukusanye mafunzo yetu kwa ufupi.

Kwanza, tuwaombe watu kile walicho nacho. Mmoja ana fedha, mwingine ana miche, mwingine ana mikono, mwingine ana uwanja wenye kivuli wa kunywea chai. Asiyeombwa kitu hujiona mgeni katika kazi ya kwao.

Pili, kiingilio kiwe chepesi, ili wengi waingie. Fedha ya wengi ina maisha marefu kuliko fedha ya mmoja, kwa kuwa mmoja akihama au akichoka, kazi haianguki.

Tatu, hesabu isomwe mbele ya wote, ya faida na ya hasara, kabla ya changizo lingine kutangazwa.

Nne, jambo likitimizwa, tuulize tena, Ni nani aliyesahauliwa? Na kama hayuko, tufunge lango kwa shukrani, wala tusitafute uhitaji wa kubuni ili kamati yetu iendelee kuwako.

Maswali ya kuzungumzwa pamoja

Je, katika changizo la mwisho la usharika wetu, hesabu ilisomwa? Kama haikusomwa, ni nani atakayeombwa aisome, na siku gani?

Je, miti au jengo tulilolichangia miaka mitatu iliyopita lina hali gani leo? Ni nani miongoni mwetu aliyekwenda kulitazama?

Je, ni nani mtaani petu aliye na kitu kizuri, bustani au kitalu au ufundi, ambaye hatujapata kumwomba afungue lango lake?

Je, yuko mgonjwa au mtunza mgonjwa karibu nasi ambaye msaada wa Serikali haujamfikia? Jina lake lisisemwe mbele ya watu. Bali wawili waende wamtazame kabla ya mkutano ujao.